Maji Lazima Yalale Kwanza

Juzi alinijia binti mmoja msusi, ana saluni yake Mtongwe, amebeba kikopo cha siagi kwa mikono miwili kama aliyebeba uji wa moto. Ndani mlikuwa na samaki watatu wa dhahabu, wamelala ubavu, washakufa.

"Shikamoo, mjomba. Samaki ulioniuzia walikuwa wagonjwa."

"Marahaba. Wagonjwa tangu lini?"

"Tangu jana, nilipowabadilishia maji."

"Maji uliyatoa wapi?"

"Mferejini. Safi kabisa, mjomba. Hata mimi niliyanywa."

"Na wewe una matamvua?"

Akanitazama kama nimemtukana. Sikumtukana. Nilimuuliza swali ambalo kama kila mmoja wenu angejiuliza kabla ya kufungua mfereji, tungezika samaki wachache sana huku Likoni.

Mimi ni Katana. Kwa miaka ishirini na ushei nimetunza samaki wa mapambo, wale wa kwenye matangi ya kioo, katika majumba ya watu, kwa madaktari wa meno, hata hotelini. Mwaka huu nimestaafu. Hakuna aliyenistaafisha, ni kiuno. Maji ni mazito na samaki hawajui kujibebea. Shule niliishia darasa la tano, kwa hivyo mkikuta sentensi imechechemea, ivumilieni. Lakini katika jambo hili la maji nimeua samaki wa kutosha kuwa mwalimu.

Sikilizeni basi, nyinyi mnaojua kila kitu kwa simu. Maji ya mfereji yametiwa dawa ya kuua vijidudu, klorini. Wewe unayanywa, yanashuka tumboni, mambo yameisha. Samaki hayanywi tu, anayavuta kama wewe unavyovuta hewa, na matamvua yake ni laini kama ndani ya kope. Kumtumbukiza kwenye maji yaliyotoka mferejini saa hiyo ni kama kukufungia wewe chooni na ndoo ya dawa ya madoa, kisha nikuulize kwa nini unakohoa.

Ndiyo maana sisi wa kazi hii tunasema maji lazima yalale. Unayatia kwenye beseni pana, unayaacha wazi mchana mmoja na usiku wake, dawa inapanda juu na kwenda zake na upepo. Ukiyachota chota na kuyamwaga humo humo, inaondoka upesi zaidi. Nimesema beseni pana, na nimesema wazi. Kuna bwana mmoja wa Shika Adabu aliyalaza maji siku nne ndani ya mtungi wa lita ishirini, kifuniko amekikaza kwa koleo. Samaki walipokufa akanipigia simu kwa hasira.

"Siku nne, Katana! Siku nne yamelala!"

"Hayakulala, bwana. Uliyafunga jela, na dawa ukaifunga nayo selo moja."

Ukiogopa mbu, tandaza kipande cha chandarua juu ya beseni. Hewa itapita, mbu hatapita. Na mkiona maji bado yananuka dawa baada ya siku mbili, jueni kwamba dawa nyingine haitoki kwa kulala. Hapo tumieni yale matone ya chupa, na msome kipimo. Msikadirie kwa jicho, jicho lenu nalijua.

Tena msibadilishe maji yote mara moja. Robo yatosha. Wala msitoe maji kwenye tangi jeusi la juu ya paa saa saba mchana mkayamwaga humo, samaki si mchuzi.

Haya yote nilifundishwa na Mzee Swaleh. Huyu alikuwa mpiga picha, ana studio ndogo si mbali na Shelly Beach. Enzi zile mtu akitaka picha ya kitambulisho alikuja na shati la kuazima, akakaa juu ya stuli, akaambiwa asipepese. Simu zenu zilipokuja zikamuulia biashara. Akabaki na chumba cha giza, mabeseni na sinki. Akasema, chumba chenye sinki hakifi, akaleta samaki.

Kumbe ile chumvi nyeupe aliyokuwa akioshea picha ndiyo inayoua klorini papo hapo. Punje chache, maji yanakuwa salama kabla hujafunga kopo. Nyingi ya hizo chupa mnazoagiza leo, zenye picha ya samaki anayetabasamu, ndani yake ni chumvi hiyo hiyo imevalishwa rangi ya buluu. Lakini Mzee Swaleh alikuwa na makopo mawili ya bati. Bati moja lilikuwa la chumvi tupu, la pili ni la chumvi iliyochanganywa na asidi, ya kazi ya picha tu. Yote mawili yameandikwa Kizungu, na mimi Kizungu tulipishana shuleni. Siku moja nikatia la pili. Mzee Swaleh akaja, akatazama tangi lililotulia tuli, akatingisha kichwa.

"Katana."

"Naam, mzee."

"Umewapiga picha samaki. Tazama, hakuna hata mmoja aliyepepesa."

Alilifunga bati zuri uzi mwekundu, na tangu siku hiyo akalificha. Chumvi ile ilikuwa imebaki ile ile, ya kununua haipatikani tena, kwa hivyo haikuguswa ila kwa ajali. Kazi za kila siku tulilaza maji.

Alikuwa na kanuni nyingine. Kabla ya kumtia samaki wa mteja kwenye maji mapya, alitangulizwa gapi mmoja, yule samaki mdogo kama kijiti cha kiberiti, akakaa saa nzima kwenye chupa ya maji yale. Tulimwita mtangulizi. Akitoka mzima, kazi inaendelea. Na aliyechota maji haruhusiwi kuyapima mwenyewe. "Mpishi," alisema Mzee Swaleh, "huona chumvi imetosha siku zote."

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nitataja watu kwa majina, kwa sababu nimelibeba peke yangu mpaka kiuno kikasema basi.

Hoteli moja pale Shelly Beach ilitaka tangi kubwa mapokezini, samaki arobaini. Mzee Swaleh akapata kazi hiyo, na pamoja nayo hoteli ilitaka mtu mmoja wa kulitunza tangi. Ajira ya kudumu hiyo. Sare, chakula cha mchana, na kadi ya matibabu ya jamaa nzima. Dukani tulikuwa wawili, mimi na Ngala. Mzee Swaleh akatuambia wazi, "Mmoja wenu atabaki kule. Nitatazama siku ya kupeleka samaki, nani ana mkono."

Niliitaka kadi ile kuliko nilivyotaka kula. Mwanangu wa pili alikuwa na pumu. Kila ikimkamata, mke wangu Kadzo alimbeba akakaa naye kwenye benchi la zahanati, nami nakimbia huku na huku kutafuta mtu wa kunisikiliza. Ngala alikuwa kapera. Kadi ya jamaa angempa nani, mbuzi wa mamake?

Ulikuwa msimu wa kipindupindu, na mifereji ilikuwa ikitoa maji siku moja, siku nne imekauka. Wa dukani ulikuwa mkavu kabisa. Mfereji wa uani kwetu ulipotoa, nikabingirisha pipa langu la lita mia mbili nikalijaza hadi shingoni. Nyuma yangu foleni ya kinamama wenye mitungi, jua linawachoma.

"Katana, pipa zima! La nini?" mmoja akauliza.

Fikirieni na nyinyi. Watu wanaharisha, watoto wana kiu, mtu mzima aseme anachotea samaki wa hotelini? Wangenicheka mpaka Diani wasikie. Nikasema, "Ya kunywa. Nina wageni wanakuja kutoka Bamba."

Wakanyamaza. Mgeni anaheshimiwa. Nikalisogeza pipa penye kivuli, nikaliacha wazi, nikalikoroga asubuhi na jioni. Siku tatu, kwa sababu pipa lina kina na dawa ya chini huchelewa kupanda. Hapo sikukosea, na mkipata pipa fanyeni hivyo hivyo.

Asubuhi ya kazi nikakuta pipa limefunikwa. Nikadhani ni Kadzo, kwa ajili ya kunguru. Nikainama nikanusa, kama nilivyofunzwa. Yakanuka dawa. Lakini msimu ule nini hakikunuka dawa? Vikombe, chai, leso, mikono ya wanangu. Likoni nzima ilinuka kama hospitali iliyopigwa deki. Pua yangu ilishakata tamaa. Nikajiambia mtangulizi atasema ukweli. Nikajaza chupa moja, nikampelekea Ngala dukani apime, nikarudi kupakia mitungi kwenye mkokoteni.

Baada ya saa nzima nikafika. Ngala yuko kwenye benchi na mahamri yake na mbaazi.

"Vipi mtangulizi?"

"Mzima kama wewe. Twende."

Nyuma yake rafuni kulikuwa na gapi kwenye chupa, anaogelea vizuri. Sikuuliza zaidi. Kosa hilo liandikeni chini ya jina langu, nitawaletea na mengine.

Hotelini tukajaza tangi, tukawasha taa, tukawatia samaki. Wakang'aa! Meneja, mtu wa bara, akaita wafanyakazi waje waone. Haikupita dakika kumi samaki wakaanza kupanda juu mmoja mmoja, midomo nje ya maji, wanafungua na kufunga.

"Mbona hizi samaki zinakuja juu zote?" meneja akauliza.

"Zinakusalimia, meneja," akasema Ngala.

Wallahi ndivyo alivyosema. Na meneja akawapungia mkono.

Mimi nilishaona matamvua yamekuwa mekundu kama pilipili. Nilitoka pale mbio, sikuaga, nikakata njia ya mchangani mpaka dukani. "Mzee, chumvi!" Mzee Swaleh hakuuliza, alilitoa bati lenye uzi mwekundu kutoka chini ya mto wa kiti chake. Niliporudi, meneja alikuwa hapungi tena. Nikaiyeyusha chumvi kwenye kopo, nikamimina kote, nikatia mkono nikakoroga ili maji yapate hewa. Waliokuwa wamebaki na pumzi wakashuka chini polepole. Nikawahesabu. Kumi na mmoja.

"Nani ameleta hii maji?" meneja akauliza.

Ngala hakuniangalia. "Maji alichota Katana. Mimi nilipima, yalikuwa mazuri. Labda amechanganya na mengine njiani."

Nikakusanya wale kumi na mmoja kwenye ndoo, na waliokufa kwenye karai, tukafukuzwa nao. Dukani Mzee Swaleh akaniuliza mara moja tu, "Uliyalaza?" Nikasema siku tatu, mzee. Akatazama maiti kwenye karai, akanitazama mimi. Mtu akikutazama hivyo, afadhali akuchape.

Nikaenda nyumbani. Uani alikuwapo Bi. Mwanasha, mwenye nyumba tuliyopanga. Mdigo, mama wa makamo, na msimu ule alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Anavaa fulana aliyopewa, anapita nyumba kwa nyumba na chupa ya dawa ya maji, haulizi mara mbili. Nyumba ya pili kutoka yetu walizika wawili. Uani kwetu hakuumwa hata mtoto mchanga, na ni kwa mkono wake.

"Katana, wageni wamefika?"

"Wageni gani?"

"Wa Bamba! Kaa utulie, mwanangu, wakinywa hawatadhurika. Jana magharibi nililikuta pipa wazi, maji ya kunywa yamekodolea mbingu na kunguru! Nikayatia dawa vifuniko vingi maana pipa ni kubwa, nikalifunika barabara. Lakini wewe pia, maji ya wageni huyafuniki?"

Nikakaa chini, pale pale penye matope.

"Bi. Mwanasha, hakuna wageni."

"Wamekufa?"

"Yalikuwa ya samaki. Niliona haya kusema."

"Kwa hivyo mimi nimewaponya samaki kipindupindu."

"Ndiyo, mama."

"Wakafa wazima." Akashika kiuno. "Uliniambia ya kunywa, nikayatia dawa ya kunywa. Ungeniambia ya samaki ningekucheka, kisha ningepita. Kicheko kingekupunguza nini?"

Nikamweleza kuhusu kadi, na Ngala, na mtangulizi. Nilipofika hapo kwa mtangulizi akaninyamazisha kwa kidole. Akajifunga leso akasema, "Nipeleke kwa huyo mpiga picha."

Tulimkuta Mzee Swaleh na Ngala dukani. Bi. Mwanasha akasema yote bila kupunguza, na uongo wangu akautaja kwanza. Mzee Swaleh akasikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia Ngala.

"Maji yametiwa dawa jana magharibi. Wewe umepima lini?"

"Leo asubuhi, mzee."

"Kwa gapi huyu?"

"Huyu huyu."

Mzee Swaleh akaiteremsha chupa rafuni, akaiinua kwenye mwanga. Gapi alikuwa akizunguka na tumbo lake.

"Maji yaliyoua samaki ishirini na tisa kabla sijamaliza kikombe cha chai, huyu ameyaogelea saa nzima. Basi huyu si gapi, Ngala. Huyu ni papa."

Bi. Mwanasha akacheka hadi akashika mlango. Chupa niliyoleta mimi ilikuwa chini ya benchi, imefungwa vile vile, imezungukwa na makombo ya mahamri. Ngala akasema tumbo lilikuwa likimuuma, akasema alidhani, akasema mengi. Yule gapi alikuwa wa jana yake, kwenye maji ya jana yake.

Sasa mnadhani nilipata kadi. Mzee Swaleh alikwenda hotelini kesho yake kunitetea. Akakuta meneja ameamua kwamba samaki hai ni kesi. Ameagiza wa plastiki. Tangi kavu, samaki wananing'inia kwa uzi wa mshipi, feni inawatikisa. Na Ngala alishafika langoni tangu alfajiri, amevaa shati la kanisani, ameomba kazi ya kuwafuta vumbi. Akapewa. Sare, chakula cha mchana, kadi.

Mpaka leo yuko pale. Nikikutana naye barabarani humuuliza, "Ngala, watoto wako wa plastiki wamekula?" Naye hujibu, "Wamekula, wamelala." Mimi hucheka. Sijamsamehe, lakini hucheka. Mwanangu alipona pumu yake kwa kukua tu, si kwa kadi ya mtu, na miaka ile ya katikati, ya benchi la zahanati, hakuna wa kunirudishia.

Aliporudi kutoka hotelini siku ile, Mzee Swaleh alinipa wale kumi na mmoja. "Hawa hawana mwenyewe sasa," alisema. "Wamerudi mkononi mwako, nenda nao. Ukipata mtu anayetaka tangi, usije kuniuliza, anza." Na ndivyo nilivyoanza kazi yangu mwenyewe, na samaki kumi na mmoja wenye matamvua yaliyoungua, kwenye ndoo ya rangi.

Nikafika uani jioni ile, na bahati mfereji ulikuwa ukitoa. Foleni ile ile, mitungi ile ile. Bi. Mwanasha akaichungulia ndoo.

"Ndio wagonjwa wenyewe?"

"Ndio, mama. Wataka maji mapya kesho."

Akaingia ndani akatoka na beseni lake la kufulia, pana kama sinia la harusi, akaliosha bila sabuni kama nilivyomwambia, akapita mbele ya foleni yote akalijaza. Akaliweka ukutani, akatandaza juu yake kipande cha chandarua kikuukuu, kisha akavuta kibao cha mbuzi akakikalia kando yake, chupa ya dawa mapajani, kifuniko kimekazwa.

Jirani mmoja akaja na kata yake, akainama kwenye beseni.

"Wee! Toa kata yako!" Bi. Mwanasha akamkemea. "Hayo ni ya samaki wa Katana. Yamelala."

"Samaki? Na kipindupindu hiki?"

"Samaki, ndiyo. Kwani wewe ukilala huamshwa kwa kata?"

Foleni nzima ikacheka, kuanzia mferejini hadi mlango wa uani. Wakaniangalia mimi na ndoo yangu wakacheka zaidi. Nami niliyekuwa nimeua samaki ishirini na tisa kwa kukiogopa kicheko kile, nikakisikiliza hadi kikaisha, nikaona nipo pale pale nimesimama, na maji yapo.